Dude la popo kwa wachezaji wanne wa daraja la 5: mbona linakufa mapema?

msimamizi_wa_meza
Wakuu, naomba msaada wa hesabu. Sheria ni za mchezo wa kuigiza mezani wa Dungeons & Dragons toleo la 5, vitabu vya 2014. Nataka dude moja la popo linalovamia kijiji cha pwani usiku. Nimeliandikia: saizi Kubwa, kinga 15, uhai 136 (16d10+48, yaani wastani wa dado 16 za pande 10, jumlisha 48), kuruka futi 60, kucha mbili na meno, hisi ya mwangwi futi 60. Kwenye karatasi ni ugumu wa 5 (kipimo cha ukali wa dude), ila kwenye majaribio halifiki mzunguko wa nne. Nimekosea wapi?

dado_pande20
Kwanza, ugumu wa 5 ni XP (pointi za uzoefu) 1,800, na pambano la kati kwa wanne wa daraja la 5 linaanzia 2,000. Likiwa peke yake, linapigwa zamu nne lenyewe likipiga moja.

Pili, na hili ndilo linaloliua: wavu. Bei yake sarafu 1 ya dhahabu. Ukimnasa kiumbe wa saizi Kubwa, kasi yake inakuwa 0, na kirukacho chenye kasi 0 kinadondoka. Kikiumia kwa kuanguka kinalala chali, na wenye mapanga wanarusha dado mara mbili na kuchukua kubwa. Kwisha habari.

Lipandishe liwe saizi Kubwa Mno. Wavu hauligusi tena. Uhai uwe 14d12+42, wastani 133, bado limo ndani ya 131–145 za ugumu wa 5. Kuna faida nyingine hapo: saizi Kubwa ikimbeba binadamu kasi inakatwa nusu, lakini Kubwa Mno inamzidi kwa saizi mbili, kwa hiyo haikatwi. Linamnyakua, linapaa naye futi 60, linamwachia: 6d6, wastani 21.

Angalia tu usizidishe. Bajeti ya ugumu huo ni madhara 33–38 kwa mzunguko. Kucha 2d6+3 mara mbili na meno 2d10+3 ni kama 34, inatosha. Zamu ya kunyakua, ruhusu kucha moja tu (10) na mwanguko (21), meno yapumzike. Mchawi mwenye uchawi wa kuanguka kama unyoya atayafuta madhara yote ya mwanguko; mwache, ndiyo kazi yake.

nundu_wa_usiku
Mimi ningeanza na huo mwangwi. Wanaowinda kwa mwangwi ni wale popo wadogo wanaokula wadudu. Popo mkubwa wa Pemba, mla matunda ambaye mabawa yake yakinyooshwa hufika kama mita 1.6, anategemea macho na pua. Tofauti hiyo mezani si ndogo: dude la mwangwi likizibwa masikio gizani limekuwa kipofu, na uchawi wa ukimya ni wa ngazi ya 2 tu, futi 20 kila upande. Kasisi wa daraja la 5 anao tayari. Lipe macho ya gizani na pua kali, halafu moshi na mwanga mkali ndiyo viwe udhaifu wake.

Na ukishasema pwani, watu watakutajia Popobawa, yule shetani wa visimulizi vya Zanzibar, utake usitake. Yale ya kuwaingilia watu vitandani yaache nje ya meza kabisa. Cha kuchukua ni kile walichofanya watu mwaka 1995, hofu ilipoanzia Pemba ikaenda Unguja: walilala nje kwa makundi, wakikesha kwenye moto. Igeuze iwe sheria: penye watu watano walio macho, halishuki. Linamsubiri anayejitenga kwenda chooni. Kabla halijafika, inatangulia harufu.

msimamizi_wa_meza
Mwangwi nimeshaufuta. Sasa wakijifungia ndani?

dado_pande20
Kubwa Mno linataka futi 15 kwa 15. Mlangoni halipiti hata kwa kujibana, maana kujibana kunalifikisha futi 10 tu. Kwa hiyo lipasue paa. Makuti yape kinga 11 na uhai 27. Kucha mbili na meno zikipata zote, ni zamu moja. Mzunguko wa kwanza makuti yanawaangukia kichwani, wa pili mkono unaingia. Katikati wana zamu moja ya kuamua: kukimbilia nje au kuchoma nyumba ya mwenyewe.

nundu_wa_usiku
Watachoma. Andaa uhai wa mwenye nyumba.