MREJESHO: Jirani aliyenizuia kumwaga kifusi kwenye njia, Goba

Wakuu, niliuliza kama naruhusiwa kukarabati njia ya kwenda kwangu inayokatiza kiwanja cha jirani. Masika bajaji haipandi, naye alishapanga matofali katikati.

Tumemalizana Baraza la Kata (tangu 2021, kwenye migogoro ya ardhi linasuluhisha tu, halihukumu). Ardhi inabaki yake, mimi nina haki ya kupita na kuifanya ipitike, kwa gharama zangu. Kifusi ruksa, kupanua au kumwaga zege, mpaka akubali.

Kumbe hofu yake ilikuwa maji! Njia ikiinuka, yote yanamwingilia jikoni. Nimechimba mtaro upande wake na kuweka kalavati getini. Malori yake ya mchanga yakiiharibu, anachangia. Tumeandikishana mbele ya mwenyekiti wa mtaa.