Maabara za uhandisi vyuoni: ukileta namba ya kweli unakatwa alama, ukipika unapewa A!

Wakuu, leo naomba mnivumilie, nimechoka kumeza.

Nasoma uhandisi ujenzi, mwaka wa tatu. Ukiingia maabara unapewa karatasi ya maelekezo: anza na hiki, fuatia na kile, jedwali limeshachorwa, na chini kabisa wameweka matokeo yanayotarajiwa. Mtu ambaye jibu analo kabla hajashika koleo atafikiri nini? Anajaza tu. Na wengi hata kujaza hawajazi, desa la ripoti ya mwaka juzi linazunguka WhatsApp, unabadilisha jina na namba ya usajili, unakusanya.

Muhula huu tulipima zege la daraja la 25, yaani la nguvu ya nyutoni 25 kwa kila milimita ya mraba. Michemraba ya milimita 150, siku 28 ndani ya maji, kisha kwenye mashine ya kuponda. Mchemraba wa zege hilo unatakiwa ustahimili kama kilonyutoni 560. Ya kundi letu ikapasuka kwenye 380 na kitu, yaani nguvu ya 17 badala ya 25. Siku ya kuchanganya, mchanga ulikuwa umenyeshewa usiku kucha. Mwenzetu akauliza, si tupunguze maji ya kwenye ndoo? Akajibiwa: fuata karatasi.

Tukaandika namba zetu kama zilivyo, tukaeleza kwamba maji ya mchangani yameongeza uwiano wa maji kwa saruji, na zege likizidiwa maji linakosa nguvu. Ripoti ikarudi na wino mwekundu: "Matokeo si sahihi, rudieni." Na kurudia kwenyewe si kupiga zege upya. Tuliambiwa tukachukue namba za kundi lingine! Kundi ambalo kila mtu darasani anajua lilipika.

Nchi hii ilizika watu 36 ghorofa la mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilipoanguka Machi 2013. Halafu mhandisi wa kesho anafundishwa darasani kwamba namba mbaya inafichwa? Inauma sana.

Na msiniletee habari ya vifaa hakuna. Saruji, mchanga na kokoto ni vilevile, mashine ni ileile. Tupeni malighafi mseme: tunataka 25 baada ya siku 28, mchanganyiko amueni wenyewe. Kabla ya kuponda, kila kundi liandike linatarajia namba gani na kwa nini. Ikija tofauti, lieleze kwa nini. Alama ziwe kwenye maelezo hayo. Mwaka wa kwanza sawa, waongozwe hatua kwa hatua mpaka wazoee vifaa. Lakini mwaka wa tatu bado nashikwa mkono?

Wahadhiri mliomo humu, nijibuni bila kuzunguka: mwanafunzi aliyepata 17 na akajua kwa nini ni 17, mnamkata alama kwa kosa gani?