Mtamba kapandishwa mara tatu, hashiki. Niuze bucha?

Mkulima_Tengeru: Wakuu, habari za jioni. Mtamba wangu kapandishwa kwa mrija wa mbegu mara tatu, kila baada ya siku 21 anarudi joto. Daktari kapima kizazi, kizima. Nasikia mbegu ina vimeng'enya vya kutoboa yai. Yawezekana dume hana? Mwenye bucha ananisubiri.

Mama Marangu: Usiuze! Wangu alikuwa hivyo hivyo, nikamuuza, aliyenunua akapata ndama jike. Hadi leo nikipita kwake naangalia pembeni.

Mzee wa Kihamba: Haraka ya kuuza ng'ombe ni ada ya shule au nyumba ndogo. Tuambie ipi.

Darubini: Kichwa cha mbegu kina kofia, akrosomu, na vimeng'enya vimo humo. Hialuronidasi hulegeza ute wa seli zilizolizunguka yai, akrosini husaidia kwenye ganda. Ila msiikweze akrosini: 1994 Wajapani walitengeneza panya dume wasio nayo, wakazalisha vilevile, mbegu zao zilichelewa tu kupenya. Tabu ni kofia ikipasuka njiani. Vyote vinamwagika kabla yai halijaonekana, na mbegu inayoyeyuka na kuganda ovyo hupasuka. Mirija ilikaa wapi?

Mkulima_Tengeru: Ilitoka kwenye mtungi wa mtaalamu.

Darubini: Ikaenda wapi?

Mkulima_Tengeru: Nilichukua minne kwa mpigo, kumwita kila mara ni gharama. Ipo friza ya nyumbani. Friza nzuri tu, barafu za watoto haziyeyuki hata umeme ukikatika. Napandisha mwenyewe, nimejifunza kwa video.

Darubini: Mkuu! Naitrojeni ya maji inayogandisha mbegu mtungini ni nyuzi 196 chini ya sifuri. Friza yako ni kama 18. Dume hana kosa, umempandisha mtamba kwa mbegu maiti.

Kijana_Ngaramtoni: Chai hii. Kituo cha taifa cha uhimilishaji, huko kupandisha kwa mrija, kipo Usa River, pua na mdomo na Tengeru, halafu mtu atumie friza? Mwezi uliopita huyu huyu aliandika hafugi hata kuku.

Mzee wa Kihamba: Labda mtamba ni shemeji yetu.

Mkulima_Tengeru: Nina heshima zangu, mzee. Kuku ni wa mke wangu. Mrija mmoja umebaki, uko nyuma ya samaki, nipige picha? Na advansi ya bucha nimeshaila, kesho asubuhi anakuja na kamba. Nimwambieje?

Mama Marangu: Samaki gani hao?