Deni la chuo cha uchungaji: tupeane uzoefu

Wa Mbagala: Bwana Yesu asifiwe. Usharikani wametangaza vijana wanaokwenda kusomea theolojia, vigelegele kanisa zima. Ada italipwa na nani, kimya. Mliopita huko, semeni.

Mama Neema: Mume wangu alisoma kwa ahadi ya usharika. Muhula wa kwanza ikatimia. Wa pili, mzee wa kanisa aliyeisimamia akahamia Morogoro, ikafa. Chuo kikasema bila ada hakuna mtihani. Nikachukua mkopo wa mtaani wa riba kubwa, kausha damu, rejesho kila siku, dhamana cherehani yangu, na ndiyo iliyokuwa inatulisha. Biashara ikalala, marejesho yakanishinda. Wakopeshaji walikuja Jumapili natoka ibadani na watoto. Wakabeba cherehani, friji, hadi godoro la watoto, majirani wa Gongo la Mboto wote wako nje wanatazama. Mwenzangu yuko bwenini anasomea mtihani, sikumwambia mpaka alipomaliza. Leo akihubiri watu wanatoa machozi. Mimi ile Jumapili bado inaniuma.

Kigogo: Pole sana mama mchungaji. Kausha damu ni moto.

Mtumishi Segerea: Warumi 13:8, msiwiwe na mtu cho chote. Wito una gharama.

Dada Kimara: Kaka, usimhubirie mtu aliyebebewa godoro. 1 Timotheo 5:18 umeisoma? Mtenda kazi astahili ujira wake. Harambee ya kupaua kanisa inajaa, ya ada ya mwanafunzi mnatoa sarafu.

Mtumishi Segerea: Kanisa si benki.

Dada Kimara: Na mke wa mwanafunzi je, ni benki?

Tabata: Mimi nilisoma ualimu kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, wakawa wanakata asilimia 15 ya mshahara. Nilipoacha kazi kwenda theolojia makato yalikoma, deni likabaki. Afadhali ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa 2021. Mwenye deni la Bodi aende ofisini kwao wapange.

Ubungo: Afanye kazi mchana, asome jioni.

Kigogo: Thubutu! Kigiriki hakisomeki na uchovu wa daladala.

Chanika: Aoe mwalimu kwanza, ndipo aitwe 😂

Wa Mbagala: Napeleka hoja kwa wazee: bahasha ya ada itangazwe kila Jumapili pamoja na ya jengo. Mama Neema, cherehani ulipata nyingine?

Mama Neema: Bado, nashonea ya jirani, tunagawana hela. Hiyo bahasha ishikwe na kamati, asiachiwe mtu mmoja. Akihama je?