Kukaushia bangi: friji ndogo au hema lenye mashine ya kuvuta unyevu?

Mtoto_wa_Pangani: Wakuu habari zenu. Nipo Ujerumani, nina miche yangu mitatu ya halali, wiki ijayo navuna. Kuna mtu anauza friji ndogo euro 40, nataka kuigeuza iwe ya kukaushia. Rafiki ananishauri ninunue mashine ya kuvuta unyevu nianike humo humo kwenye hema nililooteshea. Nichukue ipi? Nijibuni haraka, friji ina wateja wengine.

Bi_Mchaichai: Friji gani mwanangu? Ya kompresa au vile vidude vya kupozea soda? Hema lina ukubwa gani? Chumba kina joto kiasi gani? Unataka tukupigie ramli?

Kimbunga_Köln: Na ni ya kupuliza hewa au ina bamba la baridi nyuma? Friji ndogo nyingi ni za bamba. Kompresa ikiwaka, maji yanayotoka kwenye maua yanagandia pale. Ikizima yanayeyuka, unyevu unapanda tena. Usiku kucha ni hivyo hivyo. Ya kupuliza ndiyo inayotoa maji nje yenyewe.

Fundi_Toronto: Mimi ni hema tu, sibadiliki. Nyuzi 15 hadi 18, unyevu asilimia 55 hadi 60, giza, feni isiyapulize maua moja kwa moja. Siku 10 hadi 14. Kijiti kikivunjika badala ya kupinda, tia kwenye mitungi ya kioo na uwe unaifungua kila siku ipumue. Friji ni kujitafutia kazi.

Shangazi_Leipzig: Friji? Ngojeni niwape ya shemeji yangu. Alinunua ya kompresa, ya mtumba, akaamua kutoboa tundu ubavuni apitishe feni ya kompyuta. Nikamwambia shemeji, soma kwanza. Wapi! Drili ikazama, tukasikia tssss. Friji nyingi mabomba ya gesi yanapita ndani ya kuta, huyaoni. Na hizi za siku hizi zina R600a, ambayo ni isobutani, inashika moto. Tulifungua madirisha yote, nje baridi kali, mtoto amevikwa koti sebuleni, hakuna kuwasha hata taa. Mngedhani alikoma. Akasema friji imekufa lakini sanduku bado zima, akajaza maua mabichi akafunga mlango. Kwa nje yalikuwa yanapendeza! Kuyapasua, katikati ukungu wa kijivu mtupu. Yote jalalani. Ukungu huo usivutwe, ni mapafu hayo.

Kimbunga_Köln: Pole. Ila hapo kosa ni la drili, si la friji. Waya wa feni ya USB ni mwembamba, unapita kwenye mpira wa mlango bila kutoboa kitu. Unaongeza kidhibiti joto cha kuchomeka kwenye soketi na kipima unyevu, basi.

Mtoto_wa_Pangani: Ni ya kompresa, lita 45. Chumba nyuzi 24.

Bi_Mchaichai: Lita 45 kwa miche mitatu! Labda uvune tawi kwa tawi. Mimi ningetafuta friji ya mvinyo, yenyewe imetengenezwa kukaa nyuzi 12 hadi 18. Na hema je, mbona hujasema?

Wakili_wa_Mtaa: Mmesahau jambo moja. Sheria ya hapa, ile ya tarehe 1 Aprili 2024, inaruhusu gramu 50 kavu nyumbani kwa mtu mzima. Miche mitatu iliyotunzwa vizuri inapita hapo mchana kweupe.

Fundi_Toronto: Huku Kanada tangu 2018 ni miche 4 kwa kila nyumba. Zile gramu 30 ni za hadharani, ndani kwako hakuna anayepima.

Wakili_wa_Mtaa: Sema huko Ontario. Quebec hata mmoja hauruhusiwi, na Mahakama ya Juu iliwaunga mkono mwaka 2023.

Fundi_Toronto: Nani kataja Quebec?

Mzee_Tandika: Wenzetu mnabishania nyuzi joto. Huku Dar mche mmoja tu, jela ya Segerea hiyo. Nasoma nimezima data.

Mtoto_wa_Pangani: Friji imeshauzwa 😭 Jamaa anasema ana friza ya lita 90. Inafaa?

Kimbunga_Köln: Kwa kidhibiti utaiweka nyuzi 12. Shida friza nyingi zina baridi kuta zote, kwa hiyo zitatoka jasho kote. Weka maua kwenye mifuko ya khaki, mbali na kuta.

Fundi_Toronto: Hema.

Dada_Bremen: Samahani kuingilia, hiyo mashine ya kuvuta unyevu inakausha na nguo? Chumba changu hakina balkoni na jinzi zinanuka uvundo.

Shangazi_Leipzig: Inakausha vizuri sana. Funga mlango na dirisha, anika, iwashe usiku. Chukua ya lita 10 kwa siku, zile ndogo za mezani ni pambo.

Dada_Bremen: Asante shangazi. Ina kelele?