Nirudi korongoni au niache? Naombeni ushauri

Mzururaji: Wakuu, salaam. Naishi Salt Lake City, napenda kupiga picha magofu ya kale. Juni nilikuwa Cedar Mesa, kusini mwa jimbo la Utah, Marekani, kwenye makorongo ya jangwa. Nataka kurudi wiki hii, saa tano kwa gari, mke wangu hataki. Usingizi sipati. Niende?

Ngosha: Pitia Mule Canyon, mkuu. Kuna maghala ya mawe chini ya mwamba; asubuhi jua likishapanda, mwanga unaruka kutoka chini na dari lote linawaka kama moto. Beba stendi ya kamera.

Sauda wa Pangani: Julai na Agosti kuna mafuriko ya ghafla huko. Mvua inanyesha mbali, maji yanakukuta umesimama juani. Shemeji yuko sahihi.

Kibuyu: Mie nimekumbuka Kolo, Kondoa. Jamaa niliyekwenda naye aliimwagia maji michoro ya miambani ili rangi zikolee kwenye picha. Mzee aliyetuongoza hakusema neno mpaka tunafika barabarani. Sijausahau ule ukimya.

Sauda wa Pangani: Mzururaji, picha hazimnyimi mtu usingizi. Kuna nini?

Mzururaji: Basi niseme. Nilichukua kigae cha chungu. Kilikuwa chini ya mwamba, kando ya magunzi ya mahindi, mvua ingekisomba. Sijakiuza. Nataka kukirudisha kimyakimya, mtu asijue.

Mnyoofu: Wizi huo. Sheria ya Marekani ya 1979 ya kulinda mabaki ya kale imekataza. Faini yaweza kufika dola 10,000, na kifungo mwaka mmoja. Wahopi na Wazuni, wenyeji wa asili wa Marekani, wanasema waliojenga pale ni babu zao. Ungeokota kitu nyumbani kwa babu yangu?

Mchokonozi: Chai hii. Magunzi ya miaka 800 yasioze?

Ngosha: Yapo, nimeyaona. Huko ni kukavu, na chini ya mwamba mvua haifiki.

Mchokonozi: Mvua haifiki, halafu ingekisomba?

Mzururaji: Umenishika. Nilikitaka tu. Picha hiyo hapo: cha kijivu, kimefinywafinywa mstari kwa mstari, na kwenye yale mafinyo kinaenea kidole changu cha mwisho tu. Nimekifunga kwenye leso, droo ya chini.

Sauda wa Pangani: Na picha ya pale kilipokuwa, kabla hujakigusa?

Mzururaji: Ninayo, dada. Kivuli changu kimo.

Sauda wa Pangani: Basi usiende kujificha huko. Piga simu ofisi inayosimamia ardhi ile, uwape kigae pamoja na hiyo picha.

Mzururaji: Wanafungua saa mbili asubuhi. Ngoja nimwamshe mke wangu kwanza. Habari za kigae hajui.