Nimemlipa mkaguzi wa nyumba, akatazama rangi. Mnunuzi anastahili kupata nini hasa?

Ndugu wanajukwaa, heshima kwenu. Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na nadhani mkisoma mtaelewa sababu. Nilikuwa nanunua nyumba ya chini huku Kigamboni, na kabla ya kusaini mkataba nikamlipa mtu anayejitangaza kuwa mkaguzi wa nyumba ili anieleze hali yake. Alinikabidhi karatasi mbili zenye mhuri, zikiishia na sentensi hii: "Nyumba iko katika hali nzuri kwa ujumla na inafaa kwa makazi." Masika yalipoanza, gipsamu ya chumba cha wageni ilituna, ikatoa madoa ya rangi ya chai, kisha kipande kizima kikaanguka kitandani. Fundi niliyemwita alifungua tundu la kupandia darini, ambalo liko wazi koridoni na halina hata kitasa, akapanda na tochi, akanishushia kipande cha papi (mbao zinazopigiliwa mabati) kilicholiwa na mchwa hadi kinasagika mkononi kama biskuti. Njia za udongo za mchwa zilikuwa zimepanda kutoka kwenye linta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) hadi kwenye kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa), na zilikuwa kavu, za siku nyingi. Mchwa wale walikuwepo siku mkaguzi alipokuja.

Nilipompigia simu alinijibu kwa utulivu kabisa: "Kaka, ule ulikuwa ukaguzi wa macho, mimi sivunji nyumba ya mtu." Jibu hili ndilo lililonifanya niandike, kwa sababu linachanganya mambo mawili kwa makusudi. Ni kweli kwamba ukaguzi wa mnunuzi ni wa macho na vipimo vyepesi. Nyumba bado ni mali ya muuzaji, hivyo mkaguzi habomoi plasta wala kuchimba msingi, na hakuna mtu mwenye akili anayemdai ajue kilichomo ndani ya zege. Lakini kutovunja si sawa na kutotazama. Darini kuna tundu, kwenye chemba (shimo la ukaguzi la maji taka) kuna mfuniko, na boksi la umeme lina kifuniko chenye skrubu. Asipofungua hivyo, basi aandike kwa maneno bayana kwamba hakufungua na kwa nini. Ripoti isiyotaja sehemu ambazo hazikuonekana inamfanya mnunuzi aamini kwamba zimeonekana na ni salama. Huo kwangu ni udanganyifu uliopigwa mhuri.

Sasa niseme ninachoamini kila mnunuzi anapaswa kukidai, hasa kwa nyumba za pwani. Jambo la kwanza ni nyufa. Nyumba yangu ilikuwa imepigwa skimu (tabaka jembamba la kulainisha ukuta) na rangi mpya ukuta mmoja tu wa sebule, na mkaguzi hakujiuliza kwa nini ni huo peke yake. Rangi ilipoanza kufunguka, ukaonekana ufa unaoshuka kwa ngazi kufuata maungio ya matofali kutoka pembe ya dirisha, mpana zaidi juu kuliko chini. Ufa mwembamba kama unywele, usiofika milimita 1, mara nyingi ni wa plasta tu na haupaswi kumtisha mtu. Ufa wa ngazi unaozidi milimita 5 ni habari nyingine, kwa kuwa huenda upande mmoja wa msingi umetitia, na hapo mkaguzi mwadilifu husema wazi kwamba mhandisi wa majengo aitwe kabla fedha hazijatoka. Kupima upana huo kunahitaji rula tu.

Kuna pia suala la chumvi. Karibu na bahari, na hasa pale zege lilipochanganywa kwa mchanga wenye chumvi, nondo hushika kutu, kutu hiyo huvimba, na zege la nguzo au la linta hupasuka kwa mstari unaofuata nondo. Chini ya kuta magadi meupe hutokeza pale unyevu unapopanda kwa kukosa kizuizi juu ya msingi. Mambo haya yote yanaonekana kwa macho, tena mchana kweupe, ilimradi mtu asogeze kabati.

Kuhusu umeme sitasema mengi: waya wa ethi, ule wa usalama unaopeleka umeme ardhini, ulikuwa umeishia hewani nyuma ya nyumba bila kufungwa kwenye nondo yake, na ripoti ikasema "umeme unafanya kazi" kwa sababu taa iliwaka. Kazi hii angempa fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) ambaye angepima kila soketi. Upande wa maji, afungue mabomba yote kwa pamoja, amwage maji chooni na kuyatazama yakipita chemba hadi chemba.

Mkaguzi huyu nililetewa na dalali, yaani mtu anayelipwa asilimia yake mauzo yakikamilika. Atampendekezaje mtu wa kuyavuruga mauzo hayo? Na msimchanganye mkaguzi na mthamini wa benki. Wathamini wana bodi yao chini ya sheria ya mwaka 2016, lakini kazi yao ni kusema nyumba ina thamani gani; hawapandi darini kwa niaba yako. Baada ya ghorofa la Kariakoo kuporomoka tarehe 16 Novemba 2024, tulisikia mengi kuhusu ukaguzi wa maghorofa. Mnunuzi wa nyumba ya chini anabaki na mtu yeyote mwenye mhuri na kamera ya simu. Uingereza, wapimaji wa RICS (chama chao cha kitaaluma) hutoa ripoti zilizogawanywa katika ngazi tatu zinazofahamika, na mteja anajua kabla ya kulipa kipi kitakaguliwa katika kila ngazi. Hapa nilipouliza anakagua nini, nilijibiwa "kila kitu."

Nimemwandikia barua nikidai anirudishie malipo yangu, na nimeambatisha picha za kenchi na za tundu la dari ili asije akasema halikuwepo. Kama anavyodai ni mhandisi, jina lake nitalitafuta katika orodha ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na nikilikuta, malalamiko yatafuata huko. Hapa simtaji. Ninachoomba kwenu ni kimoja: kama humu yupo mhandisi anayekagua nyumba kwa namna niliyoeleza, atuwekee bei yake pamoja na ripoti moja aliyokwisha kuiandika, akifuta jina la mteja na mahali nyumba ilipo, tuone ameandika nini kwenye sehemu ya mambo ambayo hakuweza kuyaona.